Kuhamia nchi jirani: mwongozo kamili wa kuishi na tofauti ndogo ndogo

Mcheki aliyehamia Poland anaingia dukani asubuhi kununua mkate. Lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu, kwa hiyo hakuona haja ya kubeba kamusi. Kwao mkate uliotoka tanurini sasa hivi huitwa čerstvý. Kipolandi nacho kina neno czerstwy, matamshi karibu yale yale, ila maana yake ni mkate uliolala. Basi anasimama mbele ya kaunta, anasalimia vizuri, na kwa adabu zote anaomba auziwe mkate uliolala. Muuzaji anamtazama, anamtazama tena, kisha anainama kumtafutia.

Aliyehamia bara jingine asingenasa kwenye mtego huo. Angejua kwamba hajui, angenyoosha kidole tu. Tatizo la nchi jirani ni kwamba unafika ukiwa umeshajiaminisha kuwa unajua. Wenyeji nao, kwa kuwa sura na lafudhi yako hazikutofautishi sana, wanakuchukulia kama mtu anayejua. Mgeni wa mbali akikosea huonewa huruma. Wa jirani akikosea huonekana hakulelewa vizuri.

Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Ufini, alizungumza na klabu ya wanawake mjini Rio de Janeiro kuhusu mshtuko wa utamaduni. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1960 na bado hayajachuja. Alisema mtu huyumba kwa sababu amepoteza vialama vidogo vya kila siku: wakati wa kupeana mkono, wakati wa kutoa bakshishi, mwaliko upi ukubaliwe na upi ni maneno ya adabu tu. Kwa jirani vialama hivyo havijapotea. Vipo, vinafanana na vyako, vimebadilishwa maana tu, na hilo kwa maoni yangu ni gumu zaidi.

Kwa hiyo ushauri wote ulioko hapa chini una shina moja: vuka mpaka kana kwamba umevuka bahari.

Hatua ya 1: Kabla ya kuhama, andika yale unayodhani unayajua

Chukua karatasi uandike mambo ishirini unayoamini yako sawa na ya kwenu. Maduka hufungwa saa ngapi na siku gani? Nani huanza kusalimia? Takataka hutupwaje? Ukialikwa saa moja, ufike saa moja au saa moja na nusu? Kisha tafuta mtu anayeishi kule akupitie orodha mstari kwa mstari. Usimwulize "maisha ya huko yakoje?", maana atakujibu "mazuri tu". Mwulize kuhusu mstari wa nne.

Mfano mmoja. Mtu wa Denmark amezoea kununua vitu Jumapili. Anahamia Ujerumani, umbali wa safari fupi ya treni, na Jumapili ya kwanza anakuta karibu kila duka limefungwa. Anarudi nyumbani, anaamua angalau apunguze chupa tupu za glasi, anazipeleka kwenye pipa la mtaani na kuzitumbukiza moja moja. Kelele! Kule Jumapili ni siku ya utulivu, na mapipa hayo huwa yamebandikwa saa zinazoruhusiwa. Makosa mawili kabla ya saa sita mchana, na yote yangekuwemo kwenye orodha ya maswali ishirini.

Ukiweza, nenda ukakae siku kumi kwanza, lakini si kitalii. Panda basi saa ambayo watu wanakwenda kazini. Nunua sabuni na betri. Panga foleni posta. Tafuta fundi wa viatu. Watalii hawafanyi mambo hayo, ndiyo maana wanarudi wakisema hakuna tofauti.

Karatasi za kubeba ni jambo la kuchosha, nalipitia haraka. Chukua nakala zilizothibitishwa za vyeti vya kuzaliwa na ndoa, barua ya mwenye nyumba wako wa sasa inayosema ulilipa kodi kwa wakati, barua ya kampuni ya bima kuonyesha hujawahi kudai, na taarifa za benki. Sifa yako ya ukopaji kwa kawaida haivuki mpaka. Hata kati ya Marekani na Kanada, watu huanza karibu na sifuri. Na jambo ambalo wengi hulijutia: usiifunge laini yako ya simu ya zamani. Benki yako ya nyumbani itaendelea kutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila hizo huwezi hata kubadilisha namba yenyewe.

Hatua ya 2: Wiki mbili za mwanzo, shughulikia saa, tarakimu na barabara

Anza na usajili, kwa sababu muda haukusubiri. Ujerumani inakutaka usajili makazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia nyumbani. Uholanzi, mlango wa pili, inakupa siku 5. Mtu anayetoka kwenye siku 14 kwenda kwenye siku 5 hana sababu ya kushuku chochote mpaka awe ameshachelewa.

Barabara ndiyo hatari ya kweli. Uganda huendesha kushoto, Rwanda kulia. Namibia kushoto, Angola kulia. Thailand kushoto, Laos kulia. Madereva huwa waangalifu kwa sababu usukani unawakumbusha. Wanaogongwa ni waenda kwa miguu, maana shingo hugeuka upande wa mazoea bila kuuliza akili. Kwa mwezi mzima vuka penye taa tu, na ujihadhari zaidi jioni ukiwa umechoka na barabara ikiwa tupu. Umati ukiwepo utawafuata wengine. Ukiwa peke yako utafuata utoto wako.

Hata upande ukiwa ule ule, tazama vibao. Jamhuri ya Ireland ilihamia kilomita Januari 2005, ilhali Ireland ya Kaskazini imebaki na maili. Mpaka wenyewe hauna kizuizi, unaupita ukizungumza na abiria wako, na kibao cha 60 kinabadilika maana hapo hapo: upande mmoja ni takriban kilomita 97 kwa saa, upande wa pili ni 60 kamili.

Saa nazo. Ukitoka Hispania kuingia Ureno unarudi nyuma saa moja. Nepal imetangulia India kwa dakika 15, tofauti ndogo kiasi kwamba simu ikikosa mtandao hutagundua mpaka basi limeondoka. Angalia na siku za mapumziko: Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, Oman inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Mume akiajiriwa upande mmoja na mke upande wa pili, wamebakiwa na siku moja ya kukaa pamoja, na hilo ni vizuri kulijua kabla ya kusaini mkataba.

Halafu tarakimu. Ukiandika 04/05, Mmarekani anasoma tarehe 5 Aprili, Mmeksiko anasoma tarehe 4 Mei. Mjerumani akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Mswisi kiasi hicho hicho hukiandika 1'500, na nukta kwake hutenga senti. Dawa yake ni rahisi: mwezi uandike kwa jina, na kila kiasi cha fedha kinachohusu mkataba kiandike kwa maneno pia.

Kuhusu bei, utabadilisha fedha kichwani kila unaposhika bidhaa. Ruhusu hilo kwa miezi miwili tu. Baada ya hapo gawanya bei kwa mshahara wako wa saa moja na ujiulize kitu hicho kinakugharimu dakika ngapi za kazi. Bila hivyo utakuwa unaishi nchi moja na kununua katika nyingine, na kila kitu kitakuwa ama cha bure ama cha wizi.

Hatua ya 3: Nyumba

Soma tangazo la nyumba kana kwamba limeandikwa kwa lugha usiyoijua. Ufaransa huhesabu vyumba vyote vikubwa, sebule ikiwemo; nyumba ya "vyumba viwili" ina sebule na chumba kimoja cha kulala. Ubelgiji huhesabu vyumba vya kulala. Familia iliyotoka Ubelgiji inaweza kusaini mkataba Ufaransa kisha ikajikuta watoto wanalala sebuleni, na hakuna aliyewadanganya.

Ghorofa vilevile. Norway huita sakafu ya chini 1. etasje, yaani ya kwanza. Denmark huanza kuhesabu juu yake: 1. sal ni ile unayofika baada ya ngazi za kwanza. Ukibeba sofa, tofauti hiyo utaihisi mgongoni.

Ujerumani nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za milango. Posta hutafuta jina kwenye sanduku la barua. Usipobandika jina lako siku ya kwanza, barua zako hurudi zilikotoka, zikiwemo za benki na za ofisi ya kodi. Soketi nazo zitakushangaza: Uswisi ina umbo lake na Ujerumani lake, Brazil lake na Argentina lake. Nunua adapta mbili kabla ya safari, moja uiweke mfukoni.

Siku ya kuhamia, gonga milango ya majirani wa karibu ujitambulishe. Uliza maswali matatu: takataka za aina gani hutolewa siku gani, kelele zinakubalika mpaka saa ngapi, na nani mwenye zamu ya usafi wa ngazi kama ipo. Kinachoudhi jengo zima huwa hakiandikwi popote.

Hatua ya 4: Lugha inayofanana na yako

Hapa ndipo penye kazi kubwa, hata kuliko pale ambapo lugha ni ngeni kabisa. Lugha ngeni hukunyamazisha. Inayofanana na yako hukuponza. Mswidi akikusimulia kwamba sherehe ilikuwa rolig amekwambia ilichangamka. Mnorwe akitumia neno hilo hilo amekwambia ilikuwa tulivu, pengine ya kusinzia. Neno by ni mji kwa Mdenmark, ni kijiji kwa Mswidi. Mhispania humsifu mpishi wake kwa exquisito, chakula bora kabisa, na Mreno akisikia anakumbuka esquisito yake: kitu cha ajabu ajabu. Na mwanamke wa Kireno aliyeona haya, yaani embaraçada, akilipeleka neno hilo Hispania atapewa hongera za ujauzito.

Fungua ukurasa wa maneno haya mapacha-wasio-pacha kwenye daftari lako na uongeze kila unapocheka au kuchekwa. Usitegemee kamusi ya kawaida, kwani huwezi kutafuta neno unaloamini unalijua.

Namba zina mtego wao. Mfaransa akifika Brussels anasikia septante kwa 70 na nonante kwa 90, mahali ambapo yeye amezoea kusema sitini-na-kumi na mara-nne-ishirini-na-kumi. Ataelewa, lakini kwa sekunde moja ya kuchelewa, na namba ya simu haisubiri sekunde moja. Rudia kila namba kwa sauti. Saa ya miadi iombe kwa maandishi. Hakuna atakayekuona mjinga, na hata akikuona, ni nafuu kuliko kukosa miadi ya daktari.

Kisha kuna ngazi za heshima. Watu wa Denmark humwita karibu kila mtu du, yaani "wewe" ya mazoea, bosi na profesa wakiwemo. Ujerumani nayo ina du, lakini kwa mtu mzima usiyemfahamu hutumia Sie, "wewe" ya heshima, na anayealika kuhamia kwenye du kwa kawaida ni mkubwa kwa umri au cheo. Anayetoka nchi ya mazoea kwenda nchi ya heshima aanze juu: ni rahisi kushushwa ngazi kuliko kupandishwa. Anayetoka upande wa pili ana tatizo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni kuonekana mtu wa kujitenga, mwenye maringo, kwa sababu ya heshima zake nyingi.

Je, uige lafudhi yao? Mimi nasema usiige. Badilisha maneno, acha lafudhi ije yenyewe. Lafudhi yako ni kama kibao kinachosema "mgeni huyu", na katika mwaka wa kwanza kibao hicho kinakulinda. Anayefanikiwa kuiga mapema hunyimwa msamaha ambao bado anauhitaji.

Mwili nao una lugha. Bulgaria watu hutikisa kichwa kushoto na kulia kwa kukubali, na kukiinua juu kwa kukataa. Romania, ng'ambo ya mto Danube, ni kama kwingine kwingi. Na mwenyeji anayejua wewe ni mgeni huenda akabadilisha ili akusaidie, basi hapo mnapotea wote wawili. Ukiwa na shaka, subiri neno la mdomoni.

Hatua ya 5: Kazini, kaa kimya mikutano mitatu

Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alilinganisha majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Moja ya vipimo vyake kilihusu umbali kati ya mkubwa na mdogo: kiasi gani watu wanaona ni kawaida madaraka yasiwe sawa. Alama ikiwa juu, umbali ni mkubwa: Uholanzi ilipata 38, Ubelgiji 65. Nchi hizo zinapakana na sehemu kubwa ya Wabelgiji huzungumza Kiholanzi, lakini Hofstede aliona hakuna majirani wengine wa lugha moja kwenye takwimu zake waliokuwa mbali hivyo.

Alama kama hizo ni wastani, hazimwelezi mtu yeyote mmoja. Ila zinakupa cha kutazama. Katika mikutano mitatu ya mwanzo usiongoze mjadala. Angalia: nani huongea kabla ya bosi? Bosi akisema "wazo zuri", je, kazi huanza au wazo hufa? Uamuzi hufanyika mezani, au ulishafanyika jana kwenye korido? "Tutaona" ni ndiyo, hapana, au nitafute wiki ijayo? Baada ya mkutano wa tatu mchague mwenzako mmoja umwulize faraghani: "Mimi mgeni, lile jambo la leo limeamuliwa au bado?" Swali hilo moja litakufundisha kuliko mafunzo ya siku mbili.

Hatua ya 6: Jihadhari na "kwetu"

Hesabu kwa siku moja mara unazosema "kwetu sisi huwa…". Neno lenyewe halina ubaya, lakini mwenyeji husikia "mnakosea". Na kwa jirani linachoma zaidi kuliko lingechoma likitoka kwa mtu wa mbali. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza nafsi za watu, aliliandikia jambo hili mwaka 1930, akitaja Wahispania na Wareno, Waingereza na Waskoti: watu wanaokaribiana ndio hutaniana na kudharauliana zaidi, kwa kushikilia vitofauti vidogo.

Geuza kauli iwe swali: "Hapa huwa mnafanyaje?" Vichekesho kuhusu taifa lako utavisikia, pengine siku ya kwanza. Cheka cha kwanza. Usijibu kwa kichekesho kuhusu taifa lao mpaka wakuzoee, hata kama unacho kizuri zaidi, na utakuwa nacho. Historia ya vita, mipaka na mito ya pamoja iache kabisa mwaka wa kwanza. Mlisomeshwa vitabu tofauti kuhusu vita ile ile.

Hatua ya 7: Jiandae kwa miezi ya katikati

Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard alichapisha utafiti kuhusu Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo na utafiti. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema mambo yalikwenda vizuri, waliozidi miezi 18 pia. Wa katikati ndio waliokuwa na shida. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo, kwa hiyo usiikariri kama ratiba ya treni. Lakini ikifika mwezi wa nane unaona wenyeji wote ni wakaidi na kila ofisi imekula njama dhidi yako, walau unajua si wewe wa kwanza.

Kwa jirani, unyonge huu huja na aibu: nyumbani ni karibu, lugha ni ile ile au inakaribiana, mbona nashindwa? Watu wa nyumbani hawataelewa. Watakwambia rudi wikendi. Na wengi hurudi, kila wikendi, miaka miwili inapita na kule walikohamia hawajui hata jina la jirani wa mlango wa pili. Nashauri miezi mitatu ya mwanzo ukae wikendi tatu kati ya nne hapo ulipo.

Weka daftari lenye safu tatu: kilichotokea, nilichodhani kinamaanisha, alichosema mwenyeji kinamaanisha. Safu ya tatu inahitaji mtu, kwa hiyo tafuta mwenyeji mmoja mvumilivu wa kumwuliza maswali ya kijinga. Tafuta pia mhamiaji mmoja kutoka kwenu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu na bado anaipenda nchi. Kikundi cha wanaolalamika kila Ijumaa kina joto lake, sikatai, ila kiendee mara moja kwa mwezi. Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, au ukaacha kula na kutoka nje, hilo si suala la utamaduni tena, mwone daktari.

Hatua ya 8: Kurudi kutembea

Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn waliongeza bonde la pili baada ya lile la miezi ya katikati: anayerudi kwao hushtuka upya. Kwa jirani bonde hilo huja mapema, kwa sababu unarudi mara nyingi. Mnorwe aliyekaa Copenhagen miaka mitatu anakwenda Oslo kumtembelea rafiki aliyehamia nyumba mpya. Ameambiwa 3. etasje. Anapanda ngazi kwa hesabu ya Kidenmark, ghorofa moja zaidi, anabonyeza kengele, na mlango unafunguliwa na mzee asiyemjua, mwenye kikombe cha kahawa mkononi. Anaomba radhi, na neno linalomtoka mdomoni ni la Kidenmark. Ikikufika hiyo, fungua ukurasa mpya kwenye daftari, safu tatu zile zile, na juu yake uandike jina la nchi yako.